Simu Darasani: Uchambuzi wa Ala za Mkononi katika Kufundisha Lugha za Kigeni

Mtoto wa Kitanzania anayehitimu shule ya msingi ya serikali na kuingia kidato cha kwanza huhamishwa kwa siku moja kutoka katika Kiswahili, ambacho ndicho alichosomea hesabu, sayansi na jiografia miaka yake yote ya msingi, akaambiwa kwamba tangu siku hiyo ilimu zote hizo zitamjia kwa Kiingereza, lugha ambayo sokoni haisikii, nyumbani haisikii, na darasani kwenyewe aghalabu ameisikia kwa kinywa cha mwalimu mmoja tu, ambaye naye aliipokea kwa kinywa cha mwalimu mwingine aliyekuwa katika dhiki ile ile. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya Kiingereza, ambacho kina vitabu, magazeti na ofisi za kukitegemeza, msomaji na apime mwenyewe hali ya Kifaransa, Kiarabu na Kichina, ambazo mtaala mpya wa Tanzania ulioanza kutumika mwaka 2024 umezifungulia mlango, au ya Kijerumani na Kichina katika shule za Kenya. Vitabu vya sarufi hupatikana. Orodha za maneno hupatikana. Mitihani haikosekani kamwe. Kinachokosekana ni sauti ya lugha yenyewe, ikisemwa na watu wengi, wake kwa waume, wazee kwa vijana, kwa haraka na kwa taratibu. Na kinachokosekana zaidi ya hicho ni nafasi ya mwanafunzi kufumbua kinywa chake akasema.

Katika upungufu huo ndipo simu ya mkononi, pamoja na ndugu yake kishikwambi, ilipoingia ikidai mahali pake darasani, na watu wakagawanyika juu yake makundi mawili. Wako wanaosema kwamba chombo hiki ni fitina tupu, kinachomwibia mtoto macho na akili, na kwamba dawa yake ni kupigwa marufuku langoni mwa shule. Na wako wanaosema kwamba maendeleo hayasubiri, na kwamba kila mtoto akipewa chake, lugha zitajifundisha zenyewe. Nimesikiliza hoja za pande zote mbili kwa makini, na naona kwamba pande zote mbili zimekosea mahali pamoja, maana zote zimeukazia macho mkono wa mwanafunzi zikausahau mkono wa mwalimu. Swali lenye manufaa ni hili: katika kufundisha lugha ya kigeni, ni kazi ipi hasa ambayo ala ya mkononi huifanya vizuri kuliko chaki na kitabu, na ni nani anayestahili kuishika kwanza ili kazi hiyo ifanyike?

Tamaa ya kuifundisha lugha kwa chombo si ya leo. Mwaka 1901 mjini London alitokea Jacques Roston akaanzisha Linguaphone, akauza mafunzo ya lugha kwa sauti iliyonaswa, ili mtu aweze kusikiliza Kifaransa au Kijerumani nyumbani kwake bila ya kumwona Mfaransa wala Mjerumani. Mwaka 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili, BBC ilianza kufundisha Kiingereza kwa redio. Baadaye zikaja maabara za lugha, vyumba vyenye vibanda, visikizio na mashine za tepu, ambazo vyuo vingi vilizijenga kwa gharama kubwa katika miaka ya 1960. Na mwaka 1979 Sony wakaleta Walkman, kaseti ikaanza kutembea na mtu njiani. Kila chombo kilipokuja kilipokewa kwa shangwe, na kila kimoja kilifanya kazi yake kwa kiasi. Lakini maabara, ambazo ndizo zilizotarajiwa kuliko vyote, ndizo zilizowavunja watu moyo, kwa kuwa zilihitaji fundi, umeme wa hakika, chumba cha peke yake, na mwalimu aliyejua la kufanya na sauti ile baada ya kuisikilizisha. Yakikosekana hayo, mlango ulifungwa kwa kufuli na vumbi likashuka juu ya mashine. Tofauti ya simu na vyombo hivyo ni mbili: kwanza, kinyume cha redio na Walkman, yenyewe husema na pia husikiliza, yaani humpa mwanafunzi sauti ya mwingine na humrudishia sauti yake mwenyewe; na pili, kinyume cha maabara, haina haja ya kujengewa chumba, kwa kuwa imekwisha ingia mifukoni mwa watu, mwalimu wa kijijini akiwa mmoja wao.

Nianze na sauti, maana hapo ndipo faida ilipo kubwa na dhahiri. Msemaji wa Kiswahili ana irabu tano safi, na silabi zake aghalabu huishia kwa irabu. Basi anapokutana na Kifaransa, chenye irabu ya mdomo uliokunjwa mbele ambayo si u wala si i, na chenye irabu zinazopita puani, sikio lake huzipeleka sauti hizo ngeni katika nyumba ya ile irabu aliyoizoea, naye huapa kwamba amelitamka neno kama alivyolisikia. Anapokutana na Kichina, ambamo silabi moja hubadilika maana kwa kupandishwa, kushushwa, kukunjwa au kunyooshwa kwa sauti, hudhani kwamba ni mbwembwe za msemaji tu. Anapokutana na Kiarabu, mtu wa pwani huwa na nafuu kidogo, kwani th, dh, gh na kh anazo katika lugha yake, lakini ayn na hamza, sad na sin, humkawilisha yeye pia. Makosa ya namna hii hayaondoki kwa maelezo ya ubaoni. Huondoka kwa kusikia mara nyingi, kwa kuiga, na kwa kujisikia. Na hili la mwisho, la mtu kuisikia sauti yake mwenyewe kando ya sauti anayoiiga, halikuwezekana kwa darasa la kawaida kabla ya kuwapo kwa chombo kidogo chenye kinasa sauti.

Wazee wetu wa vyuoni, nazungumzia vyuo vya Kurani vya Lamu, Mombasa, Unguja na kwingineko, walilijua jambo hili bila ya chombo chochote. Mwanafunzi aliketi mbele ya mwalimu, akasomewa, akarudia, akasahihishwa makhraji ya herufi moja moja, akarudia tena, na hakuvuka aya mpaka ulimi umenyooka. Hiyo ilikuwa hikima kubwa ya kufundisha matamshi, na kasoro yake ni moja, kwamba yataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi wachache. Katika darasa lenye watoto themanini, kipindi kikiwa cha dakika arobaini, hata mwalimu akimsikiliza kila mtoto kwa nusu dakika, kipindi kimekwisha na hajafundisha neno jipya. Simu tano zenye kinasa sauti, zikiwa katika makundi matano, kila kundi likirekodi mazungumzo yake mafupi, likajisikiliza, likajikosoa, likarekodi upya kisha likampa mwalimu rekodi iliyo bora, humwezesha mwalimu kuwasikia watoto wengi zaidi, baadhi yao jioni akiwa nyumbani. Na watoto wenyewe, kwa kutaka rekodi yao iwe nzuri, hulisema lile neno mara nyingi bila ya kuhimizwa.

Faida ya pili ni ya kumbukumbu. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba kusahau huanza mara moja na huenda mbio mwanzoni, na kwamba kurudiarudia kwa kuachanisha muda hushinda kurudia kwingi kwa mkupuo. Mwaka 1967 Paul Pimsleur aliichukua hoja hiyo akapanga namna ya kumrudishia mwanafunzi neno la kigeni baada ya muda mfupi, kisha mrefu kidogo, kisha mrefu zaidi. Mwalimu wa darasa hawezi kuwarudishia watoto maneno kwa ratiba ya namna hiyo, ila chombo chaweza. Patricia Thornton na Chris Houser, waliokuwa wakifundisha Kiingereza nchini Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliwapelekea wanafunzi wao wa chuo masomo mafupi ya msamiati kwa barua pepe za simu, mara tatu kwa siku, wakawalinganisha na wengine waliopewa masomo yayo hayo kwa tovuti au kwa karatasi; na waliopelekewa kwa simu ndio waliojifunza maneno mengi zaidi. Sababu yake si muujiza wa simu. Wale wengine waliambiwa wasome kwa vipindi, wakaahirisha kama sote tuahirishavyo, ilhali hawa wa simu somo liliwajia lenyewe kwa saa zake.

Baada ya faida hizo mbili, sharti nitaje mpaka wa chombo hiki, kwa sababu wauzaji wa programu hawautaji. Kujua maneno mia tano na kuyatamka vizuri si kujua lugha. Merrill Swain, aliyewachunguza watoto wa Kanada waliosomeshwa kwa Kifaransa, alieleza mwaka 1985 kwamba kusikia na kufahamu peke yake hakukuwatosha. Walikuwa wakielewa vizuri mno, lakini usemi wao ulibaki na makosa, kwa kuwa hawakulazimishwa vya kutosha kuitumia lugha kujieleza mpaka wafahamike. Programu nyingi za simu humtaka mwanafunzi achague jibu moja kati ya manne, aburute neno mahali pake, apate nyota na pongezi. Naye huweza kuendelea hivyo miezi kadhaa asiulizwe hata mara moja anataka kusema nini. Mtoto aliyezoezwa hivyo akikutana na Mfaransa bandarini, hana neno. Hivyo chombo kinapotumiwa darasani chapasa kiwapeleke watoto kwenye maneno yao wenyewe: wapige picha za kisima cha shule, duka la jirani, bustani na jiko, kisha wavieleze kwa lugha wanayojifunza, wahojiane, wamhoji mgeni akipita. Hapo simu huwa imezaa mazungumzo. Ikiwanyamazisha, kila mmoja akainamia kioo chake, imeliharibu somo la lugha kwa namna ambayo hata mwalimu mvivu hakuweza kuliharibu.

Pana jambo jingine ambalo sisi wa Afrika tuna haki ya kulishuku. Programu zinazojidai kusikiliza matamshi na kuyapa alama zimefunzwa kwa sauti za watu fulani na si za wengine. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 uliipima mitambo ya kutambua usemi ya makampuni matano makubwa, ukaikuta ikikosea takriban maneno 35 katika kila 100 yaliyosemwa na Wamarekani weusi, na 19 katika kila 100 yaliyosemwa na weupe. Hao ni watu waliozaliwa ndani ya Kiingereza! Seuze mtoto wa Tabora au Kisii, mwenye lafudhi yake safi inayofahamika na kila msikilizaji wa haki, atakayeambiwa na mashine kwamba amekosea, akaiamini mashine akajidharau. Mwalimu ndiye hakimu wa matamshi, na mashine, kama itatumika, iwe shahidi tu anayehojiwa.

Sasa nafika penye kiini cha jambo, nacho ni swali la mkono upi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kiliwagawia wanafunzi wake wapya wapatao 1,600 iPod kila mmoja, bila ya kujali anasoma nini, na madarasa ya lugha yakawa miongoni mwa yaliyozitumia kweli kweli, kwa kusikiliza na kurekodi. Mwaka uliofuata chuo kiliacha kugawa kwa wote, kikawapa wale waliokuwa katika masomo ambayo walimu wake walikuwa na kazi maalumu ya kufanya na chombo hicho. Matajiri wa Duke walijifunza kwa mwaka mmoja jambo ambalo Serikali ya Kenya ilijifunza kwa gharama kubwa zaidi. Ahadi ya mwaka 2013 ya kumpatia kila mtoto wa darasa la kwanza kompyuta ndogo ilitimizwa kuanzia mwaka 2016 kwa vishikwambi, na vifaa zaidi ya milioni moja vikafika katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000; tena si haki kuidharau kazi ya kuvifikisha, kwani ilikwenda sambamba na kuunganishia shule umeme. Lakini shule si chache ambazo vifaa hivyo vilifungiwa kabatini, walimu wakihofia kuvunjwa na kuibwa, au wakikosa kujua vinaingia wapi katika kipindi cha asubuhi. Kabla ya hapo, mwaka 2012, utafiti wa mradi wa kompyuta ndogo kwa kila mtoto nchini Peru ulikwisha onyesha kwamba alama za hesabu na lugha hazikupanda kwa sababu ya kompyuta zile.

Ushahidi ulio karibu nasi, na ulio bora kwa maoni yangu, ulitoka Kisumu. Huko, chini ya mradi wa kusoma ulioitwa PRIMR, watafiti walizigawa shule: mahali pamoja vishikwambi wakapewa washauri wa walimu, wale wanaozuru shule na kukaa nyuma ya darasa wakitazama ufundishaji, mahali pa pili wakapewa walimu wenyewe, na mahali pa tatu wanafunzi wakapewa visomeo vya kielektroniki vyenye vitabu. Watoto wa makundi yote matatu waliendelea katika kusoma Kiingereza na Kiswahili kuwashinda wale walioachwa katika hali ya kawaida, lakini vifaa havikuongeza kitu cha maana juu ya yale yaliyopatikana kwa mradi wenyewe bila ya vifaa, yaani kwa vitabu vizuri, mwongozo wa mwalimu na ushauri wa mara kwa mara. Na gharama zilipopigiwa hesabu, kati ya aina hizo tatu za vifaa, fedha iliyozaa zaidi ilikuwa ile ya kishikwambi cha mshauri, kwa kuwa mshauri mmoja huzuru walimu wengi, na kila mwalimu hufundisha watoto wengi. Mradi wa kusoma wa Tusome, uliofuata PRIMR, ulipoenezwa Kenya nzima kuanzia mwaka 2015, vishikwambi vilipewa washauri hao. Kifaa kikasaidia kumwonyesha mwalimu anapokosea na kumwongoza, na mtoto akapata manufaa yake bila ya kukigusa.

Mfano wa pili nataka msomaji aukalie kwa muda, kwa sababu hali ya nchi yenyewe yafanana na yetu. Nchini Bangladesh, kuanzia mwaka 2008, palikuwa na mradi wa kufundisha Kiingereza uliogharimiwa na Uingereza, ukiitwa English in Action, ambao Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kiliutengenezea mafunzo. Walianza kwa kuwapa walimu mamia kadhaa iPod. Kisha, walipotaka kuueneza, waliona kwamba chombo cha bei ile hakifai, wakachukua simu ya kawaida ya Nokia, iliyo rahisi, ambayo mwalimu aliweza kuichaji na kuitengenezesha popote, wakaitia kadi ndogo ya kumbukumbu iliyojazwa sauti na picha za video, pamoja na spika ya kuchaji inayosikika darasa zima. Katika kadi ile mlikuwamo sauti za kufuatana na kitabu kile kile cha serikali ambacho watoto walikuwa nacho mkononi, nyimbo, mazungumzo, na video za walimu wa Bangladesh wenyewe, katika madarasa ya Bangladesh yenye watoto wengi na madawati machache, wakifanya kile ambacho mwalimu mtazamaji aliombwa akijaribu kesho yake. Intaneti haikuhitajika, bando halikuhitajika. Fauka ya hayo, walimu walikutana kwa nyakati maalumu, wawili wawili kutoka shule moja, wakasimuliana waliyojaribu na yaliyowashinda. Katika madarasa ambamo mwanzoni Kiingereza kilifundishwa kwa Kibengali, watoto wakiwa kimya, walianza kusikika watoto wakisema Kiingereza, na mwalimu mwenyewe akikisema zaidi. Mradi ulikua kutoka mamia ya walimu hadi makumi ya maelfu.

Nasisitiza mfano huo kwa sababu umetatua matatizo matatu kwa pamoja. Mwalimu ambaye hakuwa na hakika ya matamshi yake alipata sauti ya kuegemea mbele ya watoto, bighairi ya kuona haya. Aliendelea kujifunza lugha mwenyewe, nyumbani, usiku, bila ya kusafiri kwenda semina. Na watoto wakasikia sauti zaidi ya moja. Nchi yoyote iliyobadili lugha ya shule kwa ghafla yajua thamani ya hilo. Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kuacha Kifaransa na kushika Kiingereza katika kufundishia, walimu wengi walijikuta wakifundisha kwa lugha ambayo wao wenyewe walikuwa wanafunzi wake, na katika hali hiyo kumnunulia mtoto chombo kabla ya mwalimu ni kukosa mpango.

Tanzania, kwa bahati njema, imekwisha piga hatua ya kwanza. Vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa Sensa ya Agosti 2022 havikutupwa wala havikuuzwa. Viligawiwa walimu, na Taasisi ya Elimu Tanzania inayo maktaba yake ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada. Kwa hiyo kifaa kipo mkononi mwa mwalimu. Kilichobaki, nacho ndicho kigumu, ni kile kitakachowekwa ndani. Mwalimu wa Kifaransa wa sekondari ya kata anayefungua kishikwambi akakuta kitabu cha PDF tu amepata kitabu kilichong'aa. Bado hajapata sauti. Anahitaji kila mazungumzo ya kitabu cha kiada yawe yamesomwa na wasemaji wa lugha, waume na wake, kwa kasi mbili. Anahitaji imla zilizorekodiwa. Anahitaji video za walimu wenzake wa Dodoma na Pemba wakifundisha mada ile ile. Katika nchi zetu wasemaji wa kuzirekodi sauti hizo wapo: wa Kifaransa wako Alliance Française, wa Kichina wako katika Taasisi za Confucius za vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma na ile ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2005, na kwa Kiarabu sina haja ya kumwonyesha Mzanzibari wa kumwendea. Naamini gharama yake itakuwa ndogo kuliko ya kununua vishikwambi.

Na simu ya mwanafunzi? Shule nyingi za Tanzania na Kenya, hasa za bweni, zimeikataza, na sababu zake si za kubuni: wizi wa mitihani, picha zisizofaa, usiku kucha wa maongezi, na unyonge wa mtoto wa maskini mbele ya mwenzake mwenye simu ya thamani. Hata nchi zenye mali zimerudi nyuma. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuwazuia wanafunzi kutumia simu katika shule za msingi na za kati, na ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 juu ya teknolojia katika elimu ilionya wazi kwamba kuwapo tu kwa simu karibu kwaweza kumtoa mtoto katika somo. Mimi naunga mkono makatazo hayo. Lakini sheria ile ya Ufaransa imeacha nafasi kwa matumizi ya kufundishia chini ya mwalimu, na nafasi hiyo kanuni zetu nyingi haziitaji kabisa, hata mwalimu hodari anayetaka kutumia kinasa sauti kwa nusu saa huogopa kuonekana mvunja amri. Shule ikimiliki simu kumi za bei nafuu, zisizo na laini wala intaneti, zikakaa kwa mwalimu wa lugha, zikatolewa kwa kazi maalumu na kuhesabiwa zikirudi, hakuna hata dhara moja kati ya yale niliyoyataja litakalopata mlango, na usawa wa watoto utahifadhiwa.

Niseme pia kuhusu tafsiri za mashine na programu za akili mnemba zinazojibu kwa maneno kamili, ambazo tangu mwisho wa mwaka 2022 zimeenea kwa kasi kubwa. Kwa mwanafunzi wa lugha aliyekwisha pata msingi, mshirika wa mazungumzo asiyechoka wala kucheka makosa ni neema. Lakini asiye na msingi huandikiwa insha ya Kifaransa akaileta kwa mwalimu asijue hata kuisoma. Dawa haitapatikana kwa kumfukuza mtoto kwenye mtandao, kwa kuwa nyumbani atakutana nao. Itapatikana kwa kubadili namna tunavyopima: mtihani wa kusema na kusikiliza ukipewa uzito sawa na wa kuandika, kazi iliyoandikwa na mashine itamwacha mwenyewe akiwa bubu mbele ya mtahini, naye ataelewa haraka kwamba hana njia ila kujifunza.

Wazazi nao waulize sauti za watoto wao zinakwenda wapi. Human Rights Watch walipochunguza mwaka 2022 programu za elimu zaidi ya 160 zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa janga la korona, waliona kwamba karibu tisa katika kila kumi zilikuwa na mienendo inayohatarisha haki na siri za watoto. Rekodi inayobaki ndani ya simu ya shule na kufutwa mwisho wa muhula haina hatari hiyo. Ile inayopelekwa kwa kampuni ya mbali inayo, hata programu ikiwa ya bure.

Basi nawaomba wenye mamlaka ya elimu katika nchi zetu, wanapopanga bajeti zijazo za kufundisha Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kichina, wasianze kwa kuhesabu watoto na kuzidisha kwa bei ya kifaa. Waanze na mwalimu mmoja wa lugha katika kila shule: wampe spika yenye chaji, kadi iliyojaa sauti za kitabu anachofundishia, mshauri atakayekuja kumtazama darasani, na ruhusa iliyoandikwa ya kutumia simu chache za shule kwa kazi ya kusikiliza na kusema. Na wewe mwalimu unayesoma maneno haya, ikiwa hayo hayajafika kwako, simu uliyo nayo mfukoni ina kinasa sauti: kesho rekodi wanafunzi wako wawili wakisalimiana kwa lugha unayoifundisha, wasikilizishe, kisha waambie wairudie salamu hiyo.